Urefu wa Mzunguko Mmoja

Ubavuni mwa matairi ya Land Cruiser nyingi zilizopandishwa juu utakuta maandishi 285/75R16. Anayejua kuyasoma hupata hesabu papo hapo: upana milimita 285, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, rimu inchi 16. Inchi 16 ni milimita 406.4. Ubavu wa juu na wa chini unaongeza milimita 427.5, na jumla ni kipenyo cha milimita 834 kasoro nukta. Zidisha kwa pai, mzingo unakuja mita 2.62. Hesabu ni safi, ila tairi lenyewe halitaitii. Likishafungwa kwenye gari, likabeba uzito na kuviringika, mzunguko wake mmoja haufikishi mita 2.62. Unapungua, na kujua umepungua kiasi gani ni kazi ya mtu mwenye subira.

Gari halioni barabara. Linachokijua ni kimoja tu: shafti imezunguka mara ngapi. Kiwandani walikubaliana kwamba mzunguko mmoja wa gurudumu ni urefu fulani, wakaufungia urefu huo ndani ya gia au ndani ya kompyuta, na tangu hapo kila kinachoonekana kwenye dashibodi ni idadi ya mizunguko iliyozidishwa kwa urefu huo wa kudhaniwa. Badilisha matairi, dhana inabaki palepale. Chukua Prado ya miaka ya 1990 iliyotoka na 265/70R16, kipenyo milimita 777. Ukiifunga 285/75R16, kila mzunguko unafika mbali zaidi kwa asilimia 7, na dashibodi haina habari. Mshale uliokuwa ukisema kweli kwenye 50 sasa unasoma 50 gari likiwa kati ya 53 na 54. Ukisoma 80, gari liko karibu na 86. Askari aliyejibanza na tochi yake baada ya kibao cha 50 hahesabu mizunguko ya gurudumu. Anapima gari.

Hapo nimesema mshale uliokuwa ukisema kweli, na mishale ya namna hiyo ni michache. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule halisi, ila inairuhusu kuzidisha hadi sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 100 kwa hakika, mshale waweza kusimama popote kuanzia 100 hadi 114 bila kuvunja kanuni. Kwa hiyo kiwanda kinauweka mbele kidogo makusudi, kijikinge. Ndiyo maana utamsikia mwenye matairi makubwa akijisifu kwamba tangu ayafunge, spidomita na GPS ya simu vinalingana kabisa. Vinalingana kwa sababu makosa mawili yamekutana yakielekea pande tofauti. Wakati huohuo hesabu ya kilomita, ambayo kwa kawaida kiwanda huiacha karibu sana na ukweli, imeharibika, na yeye hajaitazama.

Kwa kweli, malalamiko yanayofika gereji mara nyingi ni ya mafuta. "Fundi, tangu nibadilishe matairi gari linakunywa." Fundi mmoja wa Arusha, ambaye mkate wake ni magari ya watalii, ana jibu alilokwisha kulizoea: "Halinywi, bosi. Linahesabu kilomita chache." Safari ya kilomita 107 dashibodi inaiandika 100, lita ni zilezile, ukigawanya, ulaji unaonekana umepanda. Sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa ya kweli, maana tairi kubwa ni zito na gari lililonyanyuka linakata upepo kwa shida, lakini sehemu hiyo huioni mpaka kwanza hesabu inyooke. Na si mafuta tu. Oili inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 5,000 inabadilishwa gari likiwa limekwenda 5,350. Anayekodisha gari kwa kilomita anajipunja mwenyewe kila siku, huku mteja akimshukuru kwa bei nzuri.

Namna fundi huyo anavyopima ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kigoda nimtazame. Anaanza na upepo, asubuhi matairi yakiwa bado ya baridi, na hajazi kile anachokipenda yeye: anamuuliza dereva anatembelea psi ngapi, anajaza hizohizo. Kisha anataka gari liwe na mzigo wake wa siku zote, pamoja na tairi la akiba, madumu kama yanabebwa, na dereva kitini. Dereva akishapanda haruhusiwi kushuka hadi kazi iishe, hata kama simu yake inaita huko mezani. Kilo 80 zikiondoka juu ya ekseli, tairi linanyanyuka kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachotafutwa.

Sakafu ni ya saruji, ndefu na tambarare. Timazi inashushwa kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na pale ncha yake inapogusa ndipo mstari wa chaki unapochorwa, mwembamba, sakafuni na ubavuni mwa tairi kwa pamoja. Usukani umenyooka. Gari linaondoka kwa gia nzito, taratibu, mguu wa dereva ukiwa mbali na mafuta na mbali na breki, na kijana wa fundi anatembea pembeni ameinama akihesabu kwa sauti kila chaki inaposhuka chini. Kwenye ya kumi, gari linasimama. Chaki ikipita kidogo hairudishwi nyuma. Sakafu inafutwa, wanaanza upya, na hakuna anayenung'unika isipokuwa mwenye gari. Tepu ya kupimia ni ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika, naye hataki hata kuiona.

Kwa nini mizunguko 10 na si mmoja? Kwa sababu mkono wa mtu hukosea. Ukikosea sentimita 2 katika kuweka alama, kwenye mzunguko mmoja kosa hilo linakula karibu asilimia moja. Likigawanywa kwa 10 linabaki milimita 2, ambazo barabara yenyewe haiwezi kuzitambua. Kisha wanaligeuza gari na kupima kwa kurudi, ili sakafu kama imeinama mahali, mwinamo ujilipe. Gurudumu la pili la nyuma nalo linapimwa, kwani difu inagawa mzunguko pande mbili na shafti inayotoka kwenye giaboksi inajua wastani tu wa kulia na kushoto. Nimeona matairi mawili ya maandishi yaleyale, moja jipya na moja la zamani, yakiachana kwa zaidi ya nusu mita katika mizunguko 10. Dashibodi ingesema yako sawa.

Namba inayotoka ndiyo yenye utamu. Kwa pai, mizunguko 10 ya 285/75R16 ingekuwa mita 26.2. Mjanja mwingine angesema tairi limebonyea, basi tupime kutoka sakafuni hadi katikati ya kitovu, tuseme milimita 392, tuzidishe mara mbili kisha kwa pai: mita 24.6. Chaki inakataa zote mbili. Inasimama karibu na mita 25 na nusu. Wanaotunga viwango vya matairi Ulaya wana njia yao ya mkato: kwa tairi la radiali, lile lenye herufi R, chukua kipenyo uzidishe kwa 3.05 badala ya pai. Jibu ni mita 25.4 kwa mizunguko 10, na chaki ya Arusha haitakuwa mbali na hapo.

Ukweli uko katikati kwa sababu ya kile kilicho ndani ya mpira. Chini ya kashata, ile mikato inayoshika barabara, kuna mkanda wa nyuzi za chuma uliolizunguka tairi zima. Uzito wa gari unaubonyeza ubavu, lakini mkanda huo haukubali kufupika. Unajilaza chini na kujinyanyua kama mnyororo wa burudoza, na kinachotambaa barabarani kwa kila mzunguko ni urefu wa mnyororo, ukiwa umebanwa kiasi kidogo tu pale unapokanyaga. Ndiyo maana kimo cha kitovu kinadanganya upande mmoja na pai inadanganya upande wa pili. Matairi ya zamani yenye nyuzi za mshazari hayakuwa na mkanda wa namna hii. Yalinywea zaidi chini ya mzigo, na kwa hayo viwango vinatumia namba ndogo kuliko 3.05. Kuhusu 7.50R16, tairi lililobeba nusu ya utalii wa Serengeti, maandishi yake hayataji kabisa uwiano wa kimo na upana. Hakuna cha kuzidisha. Chukua chaki.

Mzunguko ukishajulikana, ndipo fundi anapoitazama spidomita yenyewe. Katika gari la waya, lile ambalo spidomita yake huzungushwa na waya kutoka giaboksi, ndani ya saa hiyo mna uvumbuzi ambao Otto Schulze aliuandikia hataza mwaka 1902, na uliotumika bila kubadilika sana kwa karne nzima. Waya unazungusha sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa popote. Sumaku inayokwenda inaamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo hiyo inakivuta kikombe kiifuate, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kikombe hakizunguki; kinajipinda tu hadi mvuto na springi vinapolingana, na mshale uliofungwa juu yake unaonyesha namba. Hakuna jino linalogusa jino kati ya mwendo wa gari na mshale. Mimi huona ni kimoja cha vitu vya kiungwana zaidi ndani ya gari, na magari mapya yamekipoteza.

Kilomita zina njia nyingine. Waya uleule unaozungusha sumaku unazungusha pia gia ndogo zinazosukuma namba, na gia haina hisia: meno ni meno. Kwa hiyo kwenye waya mmoja wamekaa mashahidi wawili wasiofanana, mmoja wa sumaku na mmoja wa meno, na fundi mwenye akili huwahoji wote. Anakwenda barabara kuu yenye nguzo za kilomita, anaanzia nguzo moja na kuhesabu 10. Kilomita za dashibodi zikipungua kwa asilimia 7 na mshale nao ukisoma pungufu kwa kiasi hicho, kosa liko kabla ya waya kugawanyika: tairi, au gia ya waya. Kilomita zikiwa sawa na mshale peke yake ukawa mlegevu, usiguse gia, sumaku imechoka. Mshale ukikimbilia mbele wakati kilomita ziko sawa, itazame springi. Vifaa ni nguzo za barabarani na saa ya mkononi: 3,600 gawa kwa sekunde ulizotumia kati ya nguzo na nguzo. Sekunde 36 ni kilomita 100 kwa saa, sekunde 45 ni 80, sekunde 72 ni 50. Simu yenye GPS inafanya vilevile na kwa haraka, mradi barabara imenyooka na mwendo hauchezi.

Magari mengi ya Kijapani ya waya yalijengwa juu ya namba moja: mizunguko 637 ya waya kwa kila kilomita. Kwenye 60 kilomita moja ni dakika moja, basi waya unazunguka mara 637 kwa dakika. Nimemwona mtu ameing'oa spidomita na kuiweka mezani, akaufunga mkia wake kwenye drili, kipima mizunguko kikiwa pembeni, akatafuta 637 na kuutazama mshale unapotua. Ulitua 64. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto mwerevu.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya meno. Gia ya plastiki iliyo mwanzoni mwa waya, pale giaboksi inapotoa mwendo, hupatikana ikiwa na meno ya idadi mbalimbali. Tairi kubwa linazunguka mara chache, hivyo waya lazima uongezewe kasi, na hiyo inahitaji gia yenye meno machache. Tuseme 31 badala ya 33: waya unaharakishwa kwa asilimia 6.5, wakati tairi lilitaka 7.3. Kupunguza jino moja zaidi kungevuka hadi asilimia 10. Meno hayana nusu. Fundi lazima achague akosee upande gani, na hapa asilimia isiyofika moja inabaki upande wa hatari, ikimezwa na ule uchoyo wa mshale uliotoka nao kiwandani. Akiwa hana uhakika na uchoyo huo, anachagua mshale unaozidisha. Gari linalotumia sensa badala ya waya halina taabu hii. Kisanduku kidogo kinakaa kati ya sensa na dashibodi, kinapokea mapigo na kuyatoa yakiwa yamezidishwa kwa namba yoyote unayotaka, na nukta zake. Ni bora zaidi, nakubali. Ndicho pia kinachowapa nafasi wale wanaorudisha kilomita nyuma kabla ya kuuza gari, ambao huniudhi wanapojiita mafundi wa dashibodi.

Na hata ukimaliza, hujamaliza. Tairi la 195/65R15 la gari dogo lina kipenyo cha milimita 634.5 likiwa jipya, na kashata za kina cha milimita 8 hivi. Likichakaa hadi milimita 1.6, kipenyo kimepungua milimita 12.8, sawa na asilimia 2. Upepo ukipungua linazunguka zaidi kidogo, na kidogo hicho kinatosha kwa baadhi ya magari ya leo kutambua tairi lililolegea kwa kulinganisha tu mizunguko ya magurudumu manne, bila geji yoyote ndani. Ulaya, lori lenye takografu hurudi kwa fundi aliyeidhinishwa kila baada ya miaka miwili na kupimwa upya, na kibandiko kinachobaki ndani kinaandika kwa milimita mzunguko halisi wa matairi yake. Kwetu sijaona kibandiko cha namna hiyo, ingawa matatu na mabasi ya Kenya yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 tangu 2004, na kidhibiti kinachohesabu mizunguko hakina macho zaidi ya dashibodi.

Lakini walioifikisha kazi hii mbali zaidi hawana injini. Ni wapimaji wa njia za marathoni, na chombo chao ni baiskeli. Mwingereza John Jewell aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1961, Ted Corbitt wa New York akaieneza Marekani kuanzia 1964, na mwaka 1971 Alan Jones akabuni kihesabio kinachokaa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele. Kinachotumika siku hizi hutoa namba 23 na ushei kwa kila mzunguko, yaani namba moja kwa kila sentimita 9 hivi za barabara. Mpimaji haamini maandishi ya tairi lake. Asubuhi anapima kwa tepu ya chuma kipande kilichonyooka, mita 300 au zaidi, akirekebisha hata joto la tepu, kisha anakipanda mara 4 kwa baiskeli na kuandika namba. Halafu anaipima njia nzima akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji angeweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kila kona. Akimaliza anarudi kwenye kile kipande na kukipanda mara 4 tena, kwa sababu jua limepanda, upepo umetanuka ndani ya tairi, na mzunguko wa mchana si wa asubuhi.

Wanajua gharama ya kukosea. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishangiliwa New York kwa 2:08:13, muda bora kuliko wote duniani. Njia ilipopimwa tena baadaye ilikutwa imepungua karibu mita 150. Kwa hiyo kanuni inamtaka mpimaji aongeze sehemu moja ya elfu kwa makusudi, ili hata akikosea, njia isiwe fupi. Kwa kilomita 42.195 hiyo ni mita 42. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35 na kuivunja rekodi ya Eliud Kipchoge, alikuwa akimeza karibu mita 5.8 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, mita 42 zilizowekwa kwa sababu tairi la baiskeli haliaminiki ni sekunde 7 za mguu wake.